Dawa ya Magugu katika Maji ya Mto

Macho, pua na ulimi ndio wapimaji wa kwanza wa maji. Mtu akifika mtoni huyatazama maji kwanza; akiyaona yana tope huyaacha yatulie, akisikia uvundo huenda kuchota mahali pengine, na akionja magadi huyatema. Wapimaji hawa watatu tumezaliwa nao, nao wametuokoa mara nyingi. Walakini yako mambo ndani ya maji ambayo hawawezi kuyatambua hata kidogo. Maji huweza kuwa maangavu kama kioo, yasiwe na harufu wala ladha, na huku yamechukua dawa iliyonyunyizwa katika mashamba ya mbali. Katika somo hili tutaeleza jinsi wataalamu wanavyoitafuta dawa ya namna hiyo, na kwa nini kazi yao haianzii kwenye mashine, bali huanzia ukingoni mwa mto.

Dawa yenyewe

Katikati ya Marekani iko nchi tambarare kubwa sana, penye majimbo ya Iowa, Illinois, Nebraska na mengine jirani. Huko mahindi hulimwa kwa wingi mno, na mito ya nchi hiyo karibu yote hushuka mpaka mto mkubwa wa Mississippi. Miji mingi hunywa maji ya mito hiyo, au ya maziwa yaliyofanywa kwa kuizuia.

Shamba la mkulima mmoja huko ni kubwa hata palizi ya jembe la mkono haiwezekani. Kwa hiyo, tangu mwisho wa miaka ya 1950, wakulima wametumia dawa iitwayo atrazini. Mnajua ya kuwa mmea hujifanyia chakula chake ndani ya majani kwa nguvu ya mwangaza wa jua. Atrazini huingia katika gugu na kuizuia kazi hiyo, nalo gugu hunyauka na kufa. Lakini muhindi una uwezo wa kuibadili dawa hiyo ndani ya mwili wake hata isiwe na nguvu. Basi magugu hufa, na mihindi husimama.

Dawa hiyo imewapunguzia wakulima taabu nyingi. Ila ina tabia moja mbaya: haishikamani sana na udongo. Mvua kubwa ikinyesha siku chache baada ya kunyunyiza, maji yanayotiririka juu ya shamba huichukua, yakaipeleka kijitoni, na kijito kikaipeleka mtoni. Mkulima aliinunua kwa ajili ya shamba lake, lakini mtu wa mji ulio chini ya mto huinywa pasipo kujua.

Kidogo kiasi gani?

Mtu ataweza kuuliza, "Dawa ikiingia katika mto mkubwa, je, si itapotea kama tone la wino katika pipa?" Ni kweli kwamba huwa kidogo sana, na ndiyo sababu kuipima ni kazi ngumu. Lakini kidogo si sawasawa na hapana.

Mwaka 1991 serikali ya Marekani iliweka kiasi ambacho wastani wa mwaka katika maji ya kunywa usikipite, nacho ni mikrogramu 3 za atrazini katika lita moja ya maji. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara 1,000,000. Ili mfahamu udogo wake, fikirini madebe 50,000, kila debe likiwa na lita 20 za maji. Twaeni gramu 3 za chumvi, yaani kama nusu ya kijiko cha chai, mkazigawanye sawasawa katika madebe hayo yote. Hicho ndicho kiasi chenyewe. Hakuna ulimi uwezao kuonja chumvi hiyo, wala jicho liwezalo kuiona.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kiasi kidogo zaidi, mikrogramu 0.1 katika lita moja. Kiasi hicho hakikutokana na kupima nguvu ya kila dawa peke yake. Msingi wake ni kwamba dawa za mashambani hazifai kuwamo katika maji ya kunywa. Mwaka 2004 Umoja huo uliamua kwamba atrazini isiendelee kutumiwa.

Wataalamu wenyewe hawajapatana juu ya madhara ya kiasi kidogo namna hii. Mwaka 2002 Tyrone Hayes, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitangaza ya kuwa vyura dume waliokulia katika maji yenye mikrogramu 0.1 tu katika lita waliharibika viungo vyao vya uzazi. Wengine walimpinga, wakasema kwamba wao walipojaribu hawakuyaona mambo hayo. Mabishano kama hayo hayawezi hata kuanza pasipo vipimo vya kuaminika. Maana asiyejua kiasi kilichomo majini atabishania nini?

Kuchota maji

Kazi ya kwanza ni kuchota sampuli, yaani maji machache yatakayosimama badala ya mto mzima. Neno hili laonekana jepesi, lakini hapo ndipo wengi hukosea. Mto haufanani pande zote: karibu na ukingo maji huenda polepole, katikati huenda mbio, na mahali kijito kinapoingia maji ya upande mmoja hukawia kuchanganyika na ya upande wa pili. Kwa sababu hii mchotaji mwema hachoti mahali pamoja tu. Huvuka mto, akichota mahali kadha wa kadha toka ukingo mpaka ukingo, na toka juu mpaka chini, kisha huyachanganya.

Chupa zake ni za kioo, wala si za plastiki, kwa sababu dawa nyingine hunata katika plastiki. Nazo ni za rangi ya kahawia, kwa kuwa mwangaza wa jua huweza kuivunja dawa. Chupa hizo husafishwa sana kabla ya safari. Mchotaji akisha kuchota, huandika juu ya chupa jina la mahali, tarehe na saa, kisha huzitia katika sanduku lenye barafu mpaka zifike katika maabara, yaani nyumba ya kupimia. Naye hajipaki dawa yoyote mikononi, wala hapiti kwanza katika shamba lililonyunyizwa, asije akaichukua dawa katika nguo zake na kuitia chupani mwenyewe.

Tena hufanya jambo moja la busara sana. Huchukua chupa ya maji safi kabisa yaliyotayarishwa maabara, akaenda nayo mtoni, akaifungua na kuishughulikia sawasawa na zile nyingine, kisha akairudisha. Ikiwa atrazini itaonekana hata katika chupa hiyo, hujulikana mara moja kwamba haikutoka mtoni, bali imeingia kwa mikono au vyombo vya wapimaji. Chupa hiyo ni shahidi juu ya mchotaji mwenyewe.

Kipimo cha rangi

Maji yakifika maabara, kwanza huweza kupimwa kwa njia iliyo nyepesi na ya gharama ndogo, ambayo jibu lake hutolewa kwa rangi. Asili yake ni katika utabibu. Katika miaka ya 1950 Rosalyn Yalow na Solomon Berson, wa New York, walibuni njia ya kupima vitu vidogo sana ndani ya damu kwa kutumia kingamwili. Na mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann, huko Uswidi, walionyesha namna ya kupata jibu kwa njia ya rangi.

Kingamwili ni nini? Kitu kigeni kikiingia katika mwili wa mnyama, damu hutengeneza vitu vidogo vya kukikamata, kila kimoja kikiwa na umbo la kupatana na kigeni chake kama kufuli na ufunguo wake. Hivyo ndivyo kingamwili. Atrazini peke yake ni ndogo mno, mwili hauitambui; kwa hiyo wataalamu huiunganisha na protini, kisha humdunga mnyama kama sungura. Damu yake hutengeneza kingamwili za kuikamata atrazini, nazo hutolewa na kupakwa ndani ya vijichupa vidogo.

Sasa sikilizeni jinsi kipimo kinavyofanya kazi. Fikirini ukumbi wenye viti 100. Mwenye ukumbi ana wageni wake 100, kila mmoja ameshika taa. Wageni wengine wasio na taa watoka nje, wala hatujui idadi yao. Mlango ukifunguliwa wote huingia pamoja na kugombea viti, na wale wasiopata viti hutolewa. Ikiwa hakuna mgeni wa nje hata mmoja, viti vyote vimekaliwa na wenye taa, na ukumbi waangaza sana. Ikiwa wa nje ni wengi, viti vingi vimekaliwa nao, na ukumbi una giza. Basi, ukitazama mwangaza tu, waweza kukisia idadi ya wageni wa nje.

Ndivyo ilivyo katika kijichupa. Viti ni kingamwili. Wageni wenye taa ni atrazini iliyofungwa pamoja na kimeng'enya chenye uwezo wa kuleta rangi. Wageni wa nje ni atrazini iliyomo katika maji ya mto. Baada ya kuosha, mpimaji hutia dawa ya rangi, akangoja kidogo. Rangi ikikolea, maji yana atrazini kidogo au hayana. Rangi ikififia, atrazini ni nyingi. Kando yake hupimwa maji mengine ambayo kiasi chake cha dawa chajulikana, ili rangi zilinganishwe.

Kwa njia hii sampuli nyingi hupimwa katika muda wa saa chache. Lakini ina upungufu wake. Dawa nyingine zilizo ndugu za atrazini, kama propazini, zina umbo linalokaribia kufanana nayo, nazo huweza kuketi katika viti vile vile. Kipimo cha rangi chasema, "Mmoja wa ukoo huu amepita hapa." Hakiwezi kuapa kwamba ndiye yule. Kwa ajili ya ushahidi kamili hutakiwa mashine.

Safari ndani ya bomba

Kwanza lazima dawa ikusanywe, kwa kuwa imetawanyika mno. Maji hupitishwa katika kijibomba kilichojazwa punje ndogo zilizopakwa kitu chenye tabia kama ya mafuta. Maji hupita na kwenda zake, lakini atrazini, ambayo hupenda mafuta kuliko maji, hunata hapo. Kisha hutiwa kimiminiko kingine kidogo cha kuing'oa. Hivyo dawa iliyokuwa katika lita nzima huweza kukusanywa katika tone kubwa moja, ikawa imekolea mara 1,000.

Hatua ya pili ni kuitenga na vitu vingine vilivyokusanyika pamoja nayo. Njia hii ilianzwa na Mrusi mmoja, Mikhail Tsvet, mwenye elimu ya mimea. Alimimina maji ya majani mabichi juu ya bomba la kioo lililojaa unga wa chokaa, akaendelea kumimina kimiminiko safi. Naye akaona rangi zikiachana, kijani mahali pake na manjano mahali pake, kwa kuwa kila rangi ilishuka kwa mwendo wake. Mwaka 1906 aliipa njia hiyo jina la Kiyunani, kromatografia, maana yake kuandika kwa rangi. Mwaka 1952 A. T. James na A. J. P. Martin, wa Uingereza, walionyesha namna ya kuifanya kwa gesi.

Leo tone lile hutiwa katika mashine na kugeuzwa kuwa mvuke. Gesi ya heli huusukuma mvuke huo ndani ya bomba jembamba sana, ambalo urefu wake huwa kama mita 30, nalo limezungushwa ndani ya tanuri. Vitu vyote huanza safari pamoja, lakini vingine hunatanata njiani na vingine hukimbia, hata hufika mwisho kimoja kimoja. Saa ya kufika ni alama ya kwanza ya kukitambua kitu.

Alama ya pili hutolewa na mashine ya kupima uzito wa molekuli, iliyo mwisho wa bomba. Hiyo huzipiga molekuli kwa mshale wa elektroni hata zikavunjika, kisha huupima uzito wa vipande. Molekuli ya atrazini ina uzito unaokaribia wa atomu 215 za hidrojeni, na mojawapo ya vipande vyake vikubwa ina uzito wa 200. Kitu kikifika kwa saa ya atrazini, tena kikavunjika kwa vipande vya atrazini, mpimaji aweza kusema bila hofu, "Ndiyo yenyewe."

Walakini hata mashine hii hujibu lile liulizwalo tu. Iko dawa nyingine ya magugu inayotumika sana duniani, jina lake glaifoseti. Hiyo haigeuki kuwa mvuke kwa urahisi, nayo hupenda maji kuliko mafuta. Kwa hiyo hupita katika kijibomba cha kwanza pasipo kunata, na mashine haitaiona kamwe. Lazima itafutwe kwa njia nyingine iliyofanywa kwa ajili yake. Anayesoma cheti cha atrazini na kusema kwamba maji hayana dawa yoyote, amejidanganya.

Siku ya kuchota

Mwaka 1989 Idara ya Uchunguzi wa Jiolojia ya Marekani ilichunguza mito na vijito mahali 149 katika majimbo 10 ya nchi ile ya mahindi. Wataalamu walichota maji kabla ya kupanda, wakachota tena baada ya kupanda, mvua kubwa ya kwanza ilipokwisha kunyesha, na mara ya tatu wakati wa mavuno. Walitumia kipimo cha rangi pamoja na mashine ile tuliyoieleza.

Walichokiona kiliwafundisha watu wengi. Baada ya kupanda, kiasi cha dawa kilipanda mara kumi hivi kuliko kabla ya kupanda, na atrazini ilipita mikrogramu 3 katika zaidi ya nusu ya mahali palipochunguzwa. Kufika wakati wa mavuno, kiasi kilikuwa kimeshuka karibu na pale kilipoanzia. Dawa haikupita mtoni sawasawa mwaka mzima. Ilikuja kama wimbi baada ya mvua ya kwanza, kisha ikapita.

Angalieni maana ya jambo hili. Kama mtu angaliupima mto huo huo wakati wa mavuno peke yake, kwa mashine bora na kwa mikono safi, angalipata jibu la kweli, nalo lingaliwapoteza watu. Kwa sababu hii siku hizi mahali pengine huwekwa mashine ukingoni mwa mto, inayochota yenyewe kila maji yapandapo. Mahali pengine hutumbukizwa kifaa chenye utando, ambacho hukaa majini majuma kadhaa kikikusanya dawa kidogo kidogo, usiku na mchana.

Faida ya kupima

Kuchemsha maji ni desturi njema, maana huua vijidudu vya maradhi. Lakini hakuondoi atrazini. Maji hupungua kwa mvuke na dawa hubaki chunguni. Wenye kugawa maji mijini huiondoa kwa makaa yaliyotayarishwa kwa namna ya pekee, ambayo huinasa dawa; nayo ni gharama kubwa. Mwaka 2012 kampuni ya Syngenta, iliyotengeneza atrazini, ilikubali kulipa dola milioni 105 ili kumaliza kesi iliyoletwa na miji na wagawaji wa maji, bila kukiri kosa. Wagawaji zaidi ya 1,000 walipata sehemu, na fungu la kila mmoja lilitegemea vipimo vya maji yake. Daftari za vipimo zilikuwa ushahidi wao.

Wakulima nao wamepata njia ya kusaidia. Huacha ukanda wa majani kati ya shamba na kijito, ili maji ya mvua yapunguze mwendo na kuingia ardhini. Nao hukatazwa kunyunyiza atrazini karibu na mahali maji ya shamba yanapoingia mtoni.

Mpimaji mwema hasemi upesi, "Maji haya ni safi." Husema, "Nilitafuta kitu fulani, mahali fulani, siku fulani, nami sikukiona kuzidi kiasi fulani." Maneno hayo ni machache kuliko watu wanavyotaka kusikia, lakini ni ya kweli, na mji waweza kuyategemea. Ninyi nanyi, mtu akiwaambia kwamba jambo limekwisha kupimwa, mwulizeni: Lilipimwa nini, wapi, na lini?

Maswali

1. Kwa nini macho, pua na ulimi havitoshi kuyapima maji?
2. Atrazini hufikaje mtoni kutoka shambani?
3. Eleza kazi ya ile chupa ya maji safi ambayo mchotaji huenda nayo mtoni.
4. Katika kipimo cha rangi, rangi iliyofifia ina maana gani? Eleza kwa mfano wa ukumbi na viti.
5. Kwa nini mashine inayoona atrazini haiwezi kuona glaifoseti?
6. Kama wewe ungetumwa kuupima mto wa nchi ya mahindi mara moja tu kwa mwaka, ungechagua wakati gani, na kwa sababu gani?